Marahaba za Shangazi Zilizochelewa

Kabla ya yote nitimize agizo. Shangazi Mwajuma amenituma niwaambie watu watatu, yaani Saidi dereva wa lori, Mama Elia wa Kinampanda, na yule mwenyekiti wa kijiji kipya aliyetugawia kiwanja tusichokiomba, kwamba alizisikia shikamoo zao zote na sasa anaitika: marahaba, marahaba, marahaba. Hakuwa kiziwi, hakuwa na maringo, wala hakukasirishwa na mtu. Alikuwa amebeba kitu kilichomkataza kuitika. Nikifika huko mtaelewa.

Na ninyi mafundi wenzangu wa mjini, mlioniona naondoka katikati ya kazi na kurudi nimekonda huku nacheka peke yangu, mmeniuliza kila siku nilikuwa wapi. Nimechoka kusimulia juu ya jukwaa la ujenzi wakati nusu yenu mnasikiliza na nusu mnagonga mawe. Nimeandika. Mwenye kusoma awasomee wenzake saa ya uji.

Unyambwa, kabla ya kubomoa

Mnaijua nyumba yetu, ile tembe iliyo mwisho kabisa wa njia ya ng'ombe. Mwaka huu wa kuhamia vijijini na sisi tulifikiwa: tubomoe, tubebe miti na milango, tukajenge karibu na shule. Mimi sikununa sana. Mwashi akisikia kijiji kipya anasikia kazi. Aliyenuna ni Shangazi.

Shangazi Mwajuma ni dada wa marehemu baba yangu, mtoto wa mwisho wa babu, na kati ya watoto wa babu ndiye pekee aliyebaki hai. Babu aliitwa Ntandu. Jina hilo nilipewa mimi, kwa hiyo tangu natambaa Shangazi ananiita "baba". Akinituma maji, "baba, kimbia." Akinichapa, "baba, huna adabu." Yote kwa heshima ile ile. Nimezoea.

Shangazi hakumwona babu. Alikuwa bado tumboni siku watu wa jumbe walipopita nyumba kwa nyumba kuchukua wanaume wakamjengee Mjerumani boma huko Mkalama, Iramba. Ilikuwa miaka ile ya kabla ya vita vya kwanza, Mjerumani alipokuwa bado anaipanua nchi yake kwa miguu ya watu wengine. Waliorudi walikuwa wachache. Mmoja wao alipita kwa bibi akasema maneno mafupi: "Tulimwacha ukutani, upande wa machweo." Hayo ndiyo yote tuliyorithi kwa babu, ukiacha jina.

Makaburi yetu yako nyuma ya zizi. Katika ukoo wetu, aliyefia ugenini huletwa kwa jiwe. Mtoto wake wa kumzaa huenda pale alipofia, akachukua jiwe kwa mikono yake mwenyewe, akalileta kulilaza pamoja na wenzake. Baba yangu kila mwaka alisema atakwenda mwakani, mpaka na yeye akalazwa nyuma ya zizi. Sasa kazi ilikuwa ya Shangazi, mwenye magoti yanayolia akiinuka.

"Tukihama kabla hajafika," aliniambia, "siku akija atakuta magofu. Atamuuliza nani? Mbuzi?"

"Shangazi, mwisho wa mwezi tunatakiwa tuwe tumehama."

"Kwani mimi nimekataa kuhama? Tutahama, baba. Lakini kwanza tuwe wote."

Nilifungasha mwiko wangu, timazi na nyundo, kwa sababu fundi hasafiri mikono mitupu, na yeye akafungasha khanga tatu na kuku mmoja aliye hai. Kuku huyo sitamtaja tena. Tulimla Misigiri.

Singida mjini mpaka Kinampanda

Jambo moja mlijue kuhusu Shangazi: anapenda salamu kuliko chakula. Kutoka kwetu mpaka sokoni mjini ni mwendo wa asubuhi moja, sisi tulifika adhuhuri, maana kila aliyemwamkia aliulizwa ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua, kisha ya nyumbani tena. Mara mbili nilikaa chini kumngoja.

Tulilisubiri lori siku mbili. Siku ya kwanza liliharibika, siku ya pili dereva alikwenda kwenye harusi. Dereva ndiye huyo Saidi, wa familia ya wafanyabiashara wa pale mjini. Mama yake ni Mnyaturu wa Ikungi, na baba yake alitoka Tabora au Tanga, inategemea Saidi anazungumza na nani. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Alipomwona Shangazi alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani? Na bi harusi mzima?"

Saidi akashtuka. "Umejuaje kuhusu harusi?"

"Soko zima linakulaani tangu jana kwa ajili yake."

Akacheka mpaka akashika mlango, na tangu hapo Shangazi akakaa mbele, mimi nikakaa nyuma juu ya magunia ya chumvi. Tulikwenda vizuri mpaka karibu na Misigiri, mkanda wa feni ukakatika. Hakukuwa na mkanda mwingine. Saidi alizunguka lori mara nne akimsimulia Mungu maisha yake. Shangazi akashuka taratibu, akachana upindo wa khanga yake, akausuka mara tatu, akampa.

"Funga hiki. Kikikatika nitachana kingine."

Alichana mara tatu. Khanga ilipobaki na upana wa kitambaa cha kichwa, tukaingia Kinampanda. Saidi alimwita "mama yangu mzazi" mbele ya watu, akaapa kwamba siku akirudi atamchukua popote atakapomkuta. Kiapo hicho mkiweke akilini.

Kinampanda tulilala kwa Mama Elia, mjane Mkristo mwenye nyumba karibu na barabara. Hatukumjua. Alituona tumesimama, akauliza tunakwenda wapi, na kabla hatujamaliza kujibu akaanza kuchochea moto. Alitupikia ugali wa mtama na mlenda, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Shangazi hajui Kinyiramba, naye Mama Elia hajui Kinyaturu, lakini ukizungumza moja polepole na nyingine polepole, zinakutana mahali. Walizungumza hivyo mpaka nikasinzia. Nimelala kwa ndugu wa damu wakanipa usingizi mbaya kuliko ule. Mungu ambariki mama huyo.

Kiomboi kwenda Mkalama: tunagawiwa kiwanja

Kutoka Kiomboi kwenda Mkalama hakukuwa na gari. Kulikuwa na trekta lenye tela, limebeba vyombo vya watu waliokuwa wanahamishwa: vitanda, mitungi, milango, mizinga ya nyuki, na vizee viwili. Dereva wa trekta akasema tupande. Shangazi akakalia kitanda cha mtu, mimi nikashikilia mlango wa mtu.

Tuliteremshwa alasiri mahali palipofyekwa karibuni, pana vigingi vya kupimia viwanja vimesimama mistari mistari. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwembamba mwenye daftari na juhudi nyingi, akatupokea kwa furaha.

"Shikamoo, mama. Karibuni kijijini. Kaya ya watu wawili?"

"Marahaba, mwanangu," alisema Shangazi. "Ndiyo, wawili."

Mimi nilikuwa nashusha mzinga wa nyuki, sikusikia vizuri. Nilipogeuka tulikuwa tumeshaandikwa, tumepewa kiwanja cha pili kutoka kona, na debe la unga wa mahindi ya njano limewekwa miguuni pa Shangazi. Yeye alidhani ndivyo Wairamba wanavyokaribisha wageni. Alikuwa anamwombea mwenyekiti dua.

"Ndugu mwenyekiti," nikasema, "sisi tunapita tu. Tunakwenda Mkalama bomani."

"Hakuna kupita tu," akasema. "Wote wanasema wanapita tu. Wiki ijayo mtashukuru."

Nilimweleza mara ya pili. Alikagua mfuko wangu, akaona timazi na mwiko, macho yakamwaka. "Na ni mwashi!" Hapo niliona kabisa hatutoki. Kilichotuokoa ni Shangazi, aliyemweka mwenyekiti chini kwenye mtungi uliopinduliwa akamsimulia habari za baba yake tangu mwanzo. Yule bwana alifunga daftari polepole. Alisema babu yake yeye alichukuliwa pia, kubeba mizigo ya vita, na kwao hakuna anayejua hata upande wa kuangalia.

Unga aliurudisha stoo, lakini tulikula kwake ugali wa njano na kunde, kisha akatupa baiskeli yake twende nayo. Alisema tumrudishie tukirudi, basi. Nilimbeba Shangazi nyuma, mkono mmoja ameshika shati langu, mwingine unapungia watu.

Mkalama: ukuta wenye matundu

Boma nililitazama kwanza kama fundi, mnisamehe. Nilitaka kulichukia nikiwa mbali, lakini kona zake zimesimama wima mpaka leo. Niliteremsha timazi langu kwenye kona moja na uzi ukalala ukutani wote. Kisha nikakumbuka ni mikono ya nani, nikaukunja.

Upande wa machweo kuna ukuta mrefu wa uzio, wa mawe na udongo. Huo umejaa matundu. Siyo kubomoka, ukuta ukibomoka huanzia juu, nao hulala. Huu ulikuwa umetolewa jiwe moja hapa, jiwe moja pale, usawa wa kifua cha mtu, kila tundu la ukubwa wa kichwa. Katikati matundu yalikuwa yamekaribiana mno, sehemu imedondoka ikaacha pengo ambalo mbuzi walipita watakavyo.

Tulikuwa bado tunashangaa, akaja mlinzi na fimbo yake. Mzee Mkumbo, mtu wa miaka mingi, mwenye sauti ya chini. Shangazi akapiga goti nusu, kadiri goti lilivyokubali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mmefuata jiwe?"

Hatukuwa tumesema neno.

"Wanakuja tangu mimi kijana," akasema. "Kutoka kwenu, kutoka huku kwetu, wengine siwajui lugha. Katibu tarafa, mkubwa wa hapa bomani, anasema ni wezi wa mawe ya msingi. Mwizi wa msingi anakuja na mkokoteni. Hawa wanakuja na khanga."

Akatukaribisha kwake, mkewe akatuletea togwa. Mama yake mzee huyu alilazimishwa kuwapikia wajenzi, na aliyotusimulia aliyasikia kwake. Nayaandika alivyoyasema.

"Tulisikia Wajerumani wako Kilimatinde, tukasema ni mbali. Jumbe wetu akapewa bendera na barua, tukasema ni kitambaa na karatasi. Wakaja watu kupima na vigingi, tukasema wanatembea tu. Kila mara tulisema ni mbali, mpaka siku tukajikuta tunawabebea mawe. Na walipoweka boma hapa walikuwa wanazungumza kuhusu pa kuweka lingine. Kila mahali walipolala kulipokucha palikuwa pao. Kisha Mwingereza akaja wakapigana, wakaondoka. Ukuta umekaa kuliko wao."

Shangazi akauliza kama mama yake alitaja mtu anayeitwa Ntandu.

"Majina hawakuyajua, mama. Walijuana kwa sehemu waliyojenga. Watu wa Turu, watu wa kwenu, walipewa huo wa machweo. Waliochoka walizikwa chini yake, mtaro wa msingi ulikuwa wazi tayari."

Shangazi aliangalia mikono yake muda mrefu, na mimi sikuweza kumtazama. Nilikuwa nimetarajia tutaambiwa hakuna anayejua. Kuambiwa kulikuwa kuzito zaidi.

Baadaye mzee akatoa la kwake. Katibu alimwonya kwamba likipotea jiwe moja tena, kazi hana, na hiyo kazi ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mkewe. "Nimewaruhusu wengi, mama. Wewe nakuomba radhi. Sitaweza."

Shangazi hakulia, hakugomba. Alisema tu, "Basi nitakaa." Akatandika khanga chini ya ukuta akakaa. Nilimjua, angekaa hapo mpaka mvua.

Asubuhi nilikwenda kwa katibu mwenyewe. Sikumweleza habari za mawe wala babu. Nilimwambia mimi ni mwashi napita, nimeona mbuzi wanaingia bustanini kwake, nitaliziba lile pengo na matundu yote bure, mradi anipe udongo, maji, na ruhusa ya kupanga mawe nionavyo. Akanitazama kwa mashaka, kisha akasema hata leo nianze.

Nilifanya kazi siku tatu. Na hapa niwaambie kitu ambacho sikukisema jukwaani. Siku ya pili, jua la saa saba, nimeinua jiwe mpaka kifuani, nikaona nimesimama mahali pale pale aliposimama babu, nashika mawe yale yale, kwa kazi ile ile. Ila mimi mke wa mzee Mkumbo alikuwa ameniletea uji. Mimi nilipotaka kukaa nilikaa. Nilipochoka niliuweka mwiko chini na hakuna aliyenitazama vibaya. Nililia, ndiyo, nikiwa nimeshika jiwe. Kisha nikamshukuru Mungu kwa sauti, mzee Mkumbo akaitikia amina bila kuuliza ni ya nini.

Jioni ya siku ya tatu Shangazi akaja kuchagua. Alipita ukuta wote akipapasa, akarudi.

"Nimeshindwa," akasema. "Yote mawe. Wewe ndiye Ntandu. Ungekuwa umechoka, jua linazama, lako la mwisho ungeliweka wapi?"

Nilitafuta kama fundi anavyotafuta kazi ya mwenzake. Karibu na mwisho wa ukuta kulikuwa na jiwe moja la kijivu limekaa vibaya, limesukumwa ndani bila kupigwa nyundo, na mwenzake wa juu akalazimika kuinama. Hakuna fundi mzima angeliweka hivyo.

"Hili," nikasema.

Nilililegeza kwa ncha ya mwiko, yeye akalitoa kwa mikono yake, akalifunga kwenye khanga kifuani. Nafasi yake niliiziba kwa jiwe jingine. Na ukuta mzima ulikuwa hauna tundu, katibu alikuja akapiga makofi. Lakini kati ya yale niliyopanga, mawe manne upande wa machweo niliyaweka makavu, bila udongo. Yamebana vizuri, mbuzi hasukumi. Mzee Mkumbo anayajua ni yapi. Anayo na mengine ya kujazia, nimemlundikia nyuma ya nyumba, akitoa moja anarudisha moja. Watoto wengine bado hawajafika.

Kurudi: shikamoo zisizoitikiwa

Sasa sikilizeni mwiko wa jiwe, yaani makatazo yake. Aliyelibeba haliweki chini mpaka afike. Akilala linatundikwa. Na hasalimii, wala haitikii salamu. Kusema anaruhusiwa, kula anaruhusiwa, hata kugomba. Salamu tu hapana. Mtu anasalimia akifika. Marehemu akisikia salamu atadhani ndiyo nyumbani, atashuka hapo hapo, na hutampata tena. Na huruhusiwi kueleza ulichobeba, maana ukieleza watu watatoa pole, na pole nayo inataka kuitikiwa.

Fikirieni. Shangazi yule yule.

Wa kwanza alikuwa mwenyekiti. Alitoka mbio kutulaki. "Shikamoo, mama! Mmefanikiwa?"

Shangazi akaangalia gurudumu. "Baiskeli yako inavuja upepo nyuma," akasema, akapita.

Mwenyekiti akabaki mdomo wazi. Nikaona aibu, nikaitika mimi: "Marahaba, ndugu mwenyekiti." Nilidhani namsaidia. Mtu wa makamo ya baba yangu mdogo! Alinitazama toka viatuni mpaka kichwani, akapokea baiskeli yake, akasema hata ule mlo anaujutia.

Kinampanda ilikuwa mbaya zaidi. Mama Elia alituona kwa mbali, akaja na kupiga magoti. "Shikamoo, mama yangu." Shangazi akameza mate, machozi yakamlengalenga, akasema, "Nina njaa." Tu. Mama Elia aliinuka, akapika. Kuku mzima, na ugali. Jiwe tulilitundika kwenye msumari ukutani pake, jirani na picha ya marehemu mumewe. Asubuhi alilitazama lile furushi, akaitazama picha, akamtazama Shangazi. Hakuuliza. Alitufungia viazi vya kuchemsha njiani na alipotuaga alisema tu, "Msafiri salama, ninyi watatu." Sijui alijuaje. Tulikuwa tumeshapita mto Shangazi alipoanza kulia kwa kwikwi.

Halafu Saidi. Alitukuta barabarani, akakanyaga breki, akashuka na kofia mkononi. Mkanda mpya wa feni alikuwa ameununua na alitaka Shangazi auone.

"Shikamoo, mama yangu mzazi!"

Shangazi akaangalia juu. "Hilo turubai umelifunga vibaya."

Saidi akacheka kidogo, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hakusikia. "Shikamoo, mama!"

"Na kamba ya kushoto imelegea."

Nikaona kofia inarudi kichwani. Sikujifunza kwa mwenyekiti. Nikafungua mdomo tena. "Marahaba, Saidi."

"Nimekuamkia wewe?" akasema. "Wewe nikuamkie? Kwa lipi, kwa mwiko huo?" Akapanda, akawasha lori. Alikwenda kama hatua hamsini hivi, likasimama. Likakaa. Kisha likarudi nyuma taratibu.

"Niliapa," akasema bila kututazama. "Pandeni. Lakini nyote nyuma."

Basi Shangazi akakaa nyuma juu ya magunia, amekumbatia khanga yake, magoti yamekunjwa, na kila shimo la barabara lilimpiga mgongoni. Hata mara moja hakuliweka jiwe kwenye gunia. Karibu na Singida alinigusa bega.

"Baba, wahesabu vizuri. Usimsahau hata mmoja. Nitawaitikia wote."

Nyumbani

Saidi angeweza kutuacha sokoni. Alitupeleka mpaka mwisho wa njia ya ng'ombe. Nyumba ilikuwa nusu imeshabomolewa. Ndugu walikuwa wametoa milango na miti ya upande mmoja, wakaacha ua na zizi kwa ajili yetu. Majirani walikuwa wamesimama, hakuna aliyesalimia. Wao wanajua. Saidi alipoona ua mzima wa watu umekaa kimya, akaelewa kwamba kuna jambo. Akavua kofia akaja nyuma yetu.

Shimo lilikuwa tayari, dogo, kati ya bibi na baba yangu. Shangazi alipiga magoti yote mawili, yakalia, akafungua khanga. Ile khanga ya lori, iliyochanwa mara tatu. Akalilaza jiwe, akalisukumia udongo kwa viganja. Tukangoja.

Nilijua linalofuata. Sasa amefika, sasa anasalimiwa. Nilidhani atasema kwa Kinyaturu, lugha tunayotumia ndani. Lakini huyu mtu hawakuwahi kuonana, na mtu asiyejuana naye Shangazi humwamkia kwa Kiswahili, kwa adabu zote. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Ng'ombe alikohoa zizini. Alikuwa ameinama vile vile, mikono juu ya udongo, mwanamke wa umri wake anangoja kuitikiwa na baba yake kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Nikaona watu wananitazama mimi. Saidi naye alikuwa ananitazama, na hapo nadhani alinisamehe.

Nilipiga hatua moja mbele.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.